Sauti za Kusini katika Nta na Santuri

Mhadhara kwa wapenzi wa muziki wa zamani, Mtwara

 

Nimeombwa nizungumzie raha ya kukusanya na kusikiliza rekodi za zamani za muziki wa kale, ule uliotungwa kwa ufundi na unaotaka utulivu wa msikilizaji. Jambo hili likitajwa, wengi huwaza Ulaya na makabati yaliyojaa Bach na Beethoven. Nitawapitisha huko kidogo kwa sababu kuna mambo ya kujifunza, lakini hoja yangu iko hapahapa kusini. Nasema hivi: rekodi ya zamani iliyokosa msikilizaji anayeijua ni nusu ya rekodi. Na rekodi za zamani kabisa za huku kwetu zimekaa zaidi ya miaka 100 zikiwa nusu, maana sauti iko Berlin na anayeweza kuielewa yuko Newala, Tandahimba au Masasi. Huenda baadhi yenu mmekaa naye benchi moja sasa hivi.

Tuanze na mwaka 1906. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijatulia pale Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya mji wa Leipzig, aliposhuka Lindi. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kwenda kaskazini, upande wa Irangi na Iraku. Akageuzwa kuja kusini. Msafara wake ulipita Masasi, ukakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha ukapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Katika mizigo waliyojitwika vichwani mlikuwa na kamera ya picha, kamera ya sinema, na fonografu pamoja na silinda zake za nta.

Mashine hiyo ilifanya kazi bila umeme. Mwimbaji alisogeza mdomo karibu na pembe ya bati, akaimba kwa nguvu. Pumzi yake ilitikisa kiwambo chembamba kilichokuwa mwisho wa pembe, kiwambo kikasukuma ncha kali, na ncha ikachora mfereji juu ya silinda ya nta iliyokuwa ikizunguka kwa springi. Silinda moja ilibeba dakika mbili au tatu tu. Ngoma kubwa haikunaswa vizuri, kwa kuwa mshindo wake ulikuwa mzito kuliko ncha ilivyoweza kuuchora, na kundi la watu 50 wakiimba kwa kuitikiana halikuweza kusimama mbele ya pembe moja. Kwa hiyo tunachosikia katika silinda za namna hii ni watu wachache waliosogezwa karibu, wakiimba kipande cha wimbo uliozoea kwenda usiku kucha. Isitoshe, nta hulainika kwenye joto. Anayelijua joto la bonde la Ruvuma mwezi wa Oktoba ataelewa kwamba kila silinda iliyofika Ulaya salama ilikuwa na bahati.

Kuna jambo jingine la kusema waziwazi. Weule alitembea na askari wa serikali, katika nchi iliyokuwa imetoka kuchomewa vijiji na maghala. Mtu anayeitwa aje aimbe mbele ya pembe ya bati chini ya ulinzi huo anaimba kwa hiari kiasi gani? Siwezi kuzisikiliza silinda hizo bila kuliwaza hilo, na nadhani yeyote anayezipenda anapaswa kuliwaza. Wala sikubaliani na anayesema kwamba kwa sababu hiyo zitupwe. Waimbaji walizitia sauti zao, na sauti hizo ni zao, si za Weule.

Silinda zilipelekwa Berlin, katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, ambayo kuanzia 1905 iliongozwa na Erich von Hornbostel. Huyu Hornbostel alikuwa na sikio la ajabu. Mwaka 1909 alichapisha katika jarida la Anthropos uchambuzi mrefu wa nyimbo za Wanyamwezi, akiandika noti moja baada ya nyingine. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kazi, akafia Cambridge mwaka 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili silinda zikahamishwa kuepushwa na mabomu, zikachukuliwa na Warusi hadi Leningrad, baadaye zikarudishwa Berlin Mashariki, na mwaka 1991 zikarejea nyumbani kwake, Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin. Mwaka 1999 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni hifadhi ya silinda zaidi ya 10,000 kutoka pande zote za ulimwengu, na kusini yetu imo.

Nataka mkae kidogo na kitu kimoja kidogo katika kazi ya Berlin, kwa sababu kinafundisha kusikiliza. Wasafiri walielekezwa kwamba kabla mwimbaji hajaanza, wapulize filimbi ndogo yenye sauti moja maalumu, mitetemo 435 kwa sekunde, iingie kwenye nta mwanzoni. Kwa nini? Kwa sababu springi ya mashine haikuzunguka kwa kasi moja. Silinda iliyorekodiwa taratibu ikachezwa upesi, sauti ya mzee inakuwa ya kijana na wimbo wa maombolezo unakuwa wa kuruka. Ukiisikia filimbi na kuirudisha kwenye 435 yake, mwimbaji naye anarudi kwenye sauti yake. Ukikuta kwenye simu rekodi ya zamani ambayo mwimbaji anasikika kama mtoto anayekimbizwa, usiseme watu wa zamani waliimba vibaya. Aliyeinakili hakushughulika na kasi.

Sasa twende Ulaya kwa dakika chache. Leipzig alikotoka Weule ndiko Bach alikofanya kazi miaka 27 hadi kufa, na mwaka 1906 okestra kubwa ya mji huo, Gewandhaus, ilikuwa chini ya Arthur Nikisch. Mwaka 1913 Nikisch huyohuyo aliongoza okestra ya Berlin katika Simfoni ya Tano ya Beethoven mbele ya pembe ya kurekodia, na rekodi hiyo inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za simfoni nzima. Wanamuziki walibanana, vyombo vilivyonguruma chini sana vilileta taabu ileile niliyoisema kuhusu ngoma zetu, na simfoni ikakatwa vipande vya dakika nne nne. Hata hivyo, wapenzi wa muziki wa Ulaya wanaitafuta, wanaisafisha, wanabishana jinsi Nikisch alivyoivuta noti fulani. Hawasemi ni kelele tupu. Wamejifunza kusikiliza kupitia mikwaruzo.

Sauti za kusini mwa Tanzania zilinaswa miaka 7 kabla ya simfoni hiyo. Hazijapata hata sehemu ndogo ya usikivu huo, na dawa yake si pesa nyingi. Dawa yake ni watu wenye lugha, wanaojua Kimakonde, Kiyao na Kimakua kwa undani, wanaoweza kusikia maneno manne kwenye mikwaruzo na kusema: huu ni wimbo wa jando, huu wa kutwanga, huyu si mtu wa Newala, anatamka kama watu wa bondeni.

Kwenye pwani yetu mapenzi ya rekodi yana njia nyingine tena, njia ya santuri, na hapo raha ni kubwa zaidi kwa sababu waimbaji walikwenda wenyewe kuimba.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Alitembeza vyungu mjini kabla sauti yake haijamtoa. Taarabu ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akiwemo Subeit bin Ambar wa udi na Mbaruku wa fidla aliyetoka Mombasa, waliifanya iseme Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV iliwasafirisha hadi Bombay kurekodi, kwa kuwa Afrika Mashariki haikuwa na studio. Kampuni nyingine, Odeon, Columbia na Pathé, zikaona biashara ipo, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa pwani hii. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alikuwa anaandika habari za mtu ambaye sauti yake ilishasikika katika nyumba ambazo asingeweza kuzifikia kwa miguu.

Ukiishika santuri ya aina hiyo mkononi, utaona kwanza ni nzito na inavunjika upesi. Imetengenezwa kwa laki, utomvu unaotolewa na wadudu wa India, uliochanganywa na unga wa jiwe. Unga ule uliisaga sindano ya chuma, na ndiyo maana wazee waliambiwa wabadilishe sindano kila upande. Kila upande una dakika tatu na kidogo. Sogeza taa kwenye nafasi laini kati ya mwisho wa mifereji na karatasi ya katikati, utaona namba iliyokwaruzwa kwa mkono. Namba hiyo ni cheti cha kuzaliwa cha rekodi. Karatasi inaweza kuchakaa au kubanduka, lakini namba hubaki, na kwayo mtafiti anaweza kujua ni kikao gani na mwaka gani. Mkusanyaji anayeandika jina la wimbo akaiacha namba ameifanya kazi nusu.

Siti alirekodi baada ya mwaka 1925, yaani wakati maikrofoni ya umeme ilikwisha kuchukua nafasi ya pembe ya bati. Hili ni jambo la furaha kwetu. Tofauti na watu waliosimama mbele ya fonografu mwaka 1906, yeye hakulazimika kupiga kelele. Mikwaruzo ni mvua juu ya bati. Ipe dakika moja, sikio litaizoea na kuiacha nyuma. Kisha sikilizeni fidla inavyotangulia, udi unavyoijibu chini yake, dumbaki inavyoingia kwa adabu. Sauti ya Siti haiingii juu ya mdundo barabara. Inachelewa kidogo, inatokea puani, inapinda mwisho wa mshororo, halafu fidla inaurudia ule upindo karibu kama ulivyo. Yanayosikika pale ni mazungumzo ya watu waliokuwa wakicheza pamoja kila usiku kwa miaka. Halafu, katikati ya beti, upande unakwisha na inabidi kugeuza. Wimbo uliozoea kujaza nusu saa barazani umekunjwa uingie dakika sita, na ufundi wa kuukunja ni jambo la kuusikiliza peke yake: wapi wamefupisha kiitikio, ubeti gani wameuacha.

Msidhani habari hizi ni za Unguja na Mombasa tu. Ngoma za unyago za Unguja, ambazo Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, aliziimba na kuzipiga hadi alipofariki mwaka 2013, zilipelekwa kule na wanawake wa bara, na kusini yetu ilitoa wengi wao kupitia bandari kama Mikindani, wengi kwa njia ya utumwa. Bi Kidude alizishika nyimbo za Siti kwa mkono mmoja na ngoma za unyago kwa mkono wa pili. Mtu wa Mtwara anayesikiliza rekodi zake anasikia jambo ambalo msikilizaji wa Paris hatalisikia.

Na ng'ambo ya Ruvuma je? Kati ya mwaka 1958 na 1961 Margot Dias, mwanamke aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1908 na kusomea piano, alikwenda pamoja na mumewe Jorge Dias katika uwanda wa Mueda. Alipiga filamu na kurekodi sauti za Wamakonde wa Msumbiji: mapiko (ngoma ya vinyago), jando, uchongaji, malimba. Huyu alikuwa mtu wa muziki wa piano wa Ulaya, na sikio lake lilimsaidia: baadaye aliandika kitabu kizima juu ya ala za muziki za Msumbiji. Alifanya kazi hiyo chini ya serikali ya kikoloni ya Ureno, na katikati ya miaka hiyo, tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi. Wamakonde wengi walivuka mto kuja upande wetu miaka hiyo na iliyofuata. Kwa hiyo kuna watu wa Mtwara ambao babu zao wanaweza kuwa ndani ya filamu zile, ambazo zimehifadhiwa Lisbon kwenye Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia. Mto unatenganisha nchi mbili. Nyimbo za mapiko haziutambui.

Redio nitaipita haraka ingawa inastahili mhadhara wake. Baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, kwaya, taarabu na ngoma za mikoani kwa miaka mingi, na kanda hizo leo ziko chini ya TBC. Hizo ni rekodi zetu wenyewe, zilizofanywa na mafundi wetu, na kwa maoni yangu ndizo hazina kubwa kuliko zote nilizozitaja leo.

Mtaniuliza: sauti ikirudi, itafaa nini? Jibu liko Kenya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyerekodi pia Tanganyika mwaka huohuo, alinasa kwa Wakipsigis wimbo uitwao Chemirocha. Wimbo huo ukasifiwa duniani, huku waliouimba hawajui. Zaidi ya miaka 60 baadaye maktaba aliyoianzisha Tracey, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi katika vijiji vilikotoka. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 wakajisikia wenyewe. Majina yakasahihishwa, maana za nyimbo zikaelezwa, na kumbukumbu za maktaba zikawa bora kuliko zilivyokuwa. Aliyefaidika zaidi huenda ni maktaba yenyewe.

Sasa ya nyumbani. Baadhi yenu mna santuri na kanda chini ya vitanda na juu ya makabati. Msioshe santuri za zamani kwa spiriti; spiriti huyeyusha laki, na wimbo unaondoka na kitambaa. Maji kidogo yaliyochujwa na kitambaa laini vinatosha, karatasi ya katikati isiguswe. Zisimamishwe wima kama vitabu, zisirundikwe. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, hivyo kaseti na kanda zikae juu, pakavu, mbali na ukuta wa nje. Santuri pekee iliyobaki isichezwe kwenye gramafoni ya zamani kwa ajili ya kuonyesha wageni, kwa sababu mkono wake mzito na sindano ya chuma huila kila mara. Ukitaka kuinakili, tafuta fundi mwenye sindano pana inayofaa mifereji ya kale. Ile ya santuri za muda mrefu ni nyembamba, hutumbukia chini ya mfereji ambako uchafu wote umekaa. Na nakala ya kwanza ihifadhiwe na mikwaruzo yake. Nimesikia rekodi zilizosafishwa na kompyuta hadi fidla ikapoteza makali na dumbaki ikawa kama inapigwa kwenye godoro. Mikwaruzo inaweza kuondolewa baadaye na mtu mwenye zana bora; kilichofutwa hakirudi.

Nakili pia mtu. Mkalishe mama au babu, mchezee rekodi, washa simu irekodi anachosema. Mwulize nani aliimba, wapi, kwa shughuli gani, nani alikuwa akicheza. Dakika kumi za maelezo yake zina thamani kuliko rafu nzima ya kanda zisizo na majina.

Lipo sharti moja. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa zipo za jando na unyago, ambazo hazikukusudiwa masikio ya kila mtu.  Sisi tusiziweke hadharani kwenye simu za watoto. Makungwi na wazee wa jando ndio waseme ipi isikike na ipi ifungwe, na wakisema ifungwe, ifungwe.

Ombi langu kwenu ni barua. Iandikwe kutoka hapa Mtwara kwenda Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin, isainiwe na walimu wa vyuo vyetu pamoja na wazee wa Newala, Masasi na Mikindani. Iombe nakala za silinda zilizochukuliwa kusini mwaka 1906 pamoja na karatasi zake zote, ieleze kwamba tunao watu wa kuzisikiliza na kuzitolea maelezo, na itaje sharti la nyimbo za unyago. Barua ya pili iende Lisbon, iandikwe pamoja na ndugu zetu wa Mueda. Wanaojua lugha na wako tayari kusaidia, waache majina yao kwa katibu kabla hawajaondoka ukumbini.